Upepo Umekosa Nini?

Hapa kwetu Mlandege jioni ya joto utamsikia mtu akisema, "Nakwenda Forodhani kupunga upepo." Huyo huyo mwanawe akiumwa husema, "Kakumbwa na upepo." Neno ni lile lile, lakini mara ya pili limegeuka mshitakiwa.

Wazee wetu hawakulitumia ovyo. Walijua kaskazi, ivumayo Desemba hata Machi, ikileta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Na kusi, iliyoyarejesha makwao. Mvuvi akijua na matlai na umande pia. Kila upepo na jina lake na kazi yake.

Wanavyuoni wamezingatia kuwa katika Qur'ani "riyah", yaani pepo nyingi, aghlabu hutajwa kwa rehema, na "rih", upepo mmoja, kwa adhabu, kama ule ulioiangamiza kaumu ya Adi kwa masiku saba na michana minane. Lakini katika Surat Yunus umetajwa upepo mmoja mzuri, uendeshao majahazi. (Wanafunzi wangu hulipenda somo hili kuliko nahau.) Na Mtume (S.A.W.) ametukataza kuutukana upepo, kwani umeamrishwa.

Jee, kuusingizia si kuutukana?

Tarehe 18 Julai 2012 meli ya Skagit, ikitoka Dar es Salaam, ilizama karibu na Chumbe. Upepo ulikuwa mkali, kweli. Lakini kusi ya Julai nani kwetu asiyeijua? Na usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 Spice Islander ilizama njiani kwenda Pemba, imepakia kupita uwezo wake. Hata hiyo, khitmani, nilisikia watu wakiutaja upepo. Mwenyezi Mungu awarehemu maiti wetu.

Nami sijitoi. Kijana mmoja chuoni kwangu alitetemeka, akaanza kuweweseka. Nikasema ni upepo, nikamsomea, nikamwambia mama yake asubiri. Kumsomea si kosa. Kosa ni ile "subiri". Siku ya pili mama alimpeleka hospitali bila ya kuniuliza, ikaonekana ni malaria iliyompanda kichwani. Alipona, alhamdulillahi. Mama yake alipokuja kunishukuru kwa dua aliuliza, kwa adabu kabisa, "Maalim, ule upepo ulitokea upande gani?"

Nilimkaribisha kahawa.