Kazi za Mikono Wodini: Nani Anamtolea Nani?

Kikundi cha kanisa, cha msikiti au cha chuo kinapopeleka karatasi za rangi, gundi na nyuzi katika wodi ya watoto, kinatimiza kwa mpigo mambo mawili ambayo dini hazikuyaweka fungu moja: kumtazama mgonjwa, na kutoa. Kumtazama mgonjwa ni deni. Uislamu unakuhesabu miongoni mwa haki za Mwislamu juu ya Mwislamu mwenzake. Sura ya 25 ya Injili ya Mathayo inakuweka kati ya matendo ambayo watu wataulizwa siku ya hukumu. Walimu wa Talmud walifundisha kwamba anayemtembelea mgonjwa humpunguzia sehemu moja ya sitini ya maradhi yake. Kutoa ni jambo jingine, kwa kuwa mtoaji anaweza kukiharibu alichokitoa, na maandiko humwonya yeye zaidi ya anayepokea. Ndiyo maana swali hili lina uzito: katika saa mbili za kukata na kubandika kando ya kitanda, nani anamtolea nani?

Maonyo kwa mtoaji ni ya zamani. Aya ya 264 ya Surat al-Baqara inafundisha kwamba masimbulizi na maudhi huibatilisha sadaka, na aya ya 271 ya sura hiyohiyo inaruhusu kutoa hadharani lakini inaupa ubora utoaji wa siri. Sura ya 6 ya Mathayo inakataza sadaka ya kutafuta kuonekana na watu. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, alizipanga sadaka katika daraja nane. Ya chini kabisa ni ya anayetoa kwa kinyongo, na ya juu kabisa ni ile inayomwezesha mtu kusimama mwenyewe, kwa mkopo, kwa ubia au kwa kazi. Fulana za rangi moja si dhambi, wala bango la kikundi. Lakini picha za watoto walionyonyoka nywele kwa dawa, zinazorushwa mtandaoni kabla gari la wageni halijatoka getini, ni maudhi hasa, hata kama mzazi aliombwa ruhusa kwa haraka na akaona haya kukataa mbele ya watu waliomletea zawadi.

Aristotle aliligusa jambo hili kwa upande usiotarajiwa. Katika kitabu cha 9 cha Nicomachean Ethics aliuliza kwa nini waliofadhili huwapenda waliofadhiliwa kuliko wanavyopendwa nao. Wengi, alisema, hudhani ni sawa na mdai anayemtakia mdaiwa uzima ili alipwe. Yeye aliona sababu nyingine: fundi huipenda kazi aliyoitengeneza kuliko ambavyo kazi hiyo ingempenda yeye kama ingepata uhai, na aliyefadhiliwa ni kazi ya mfadhili. Maelezo haya ni ya kweli, na wodini yanatisha. Yakichukuliwa jinsi yalivyo, mtoto aliyelazwa ndiye anayefinyangwa: huzuni yake ni malighafi, tabasamu lake ni bidhaa, na mgeni anarudi nyumbani akiipenda kazi yake. Immanuel Kant alifundisha kwamba haifai kumfanya mtu kuwa chombo tu cha kufikia lengo la mwingine, na pengine hakuna mahali ambapo ni rahisi kulikiuka fundisho hilo kwa moyo mweupe kama kwenye kitanda cha mtoto mgonjwa.

Mtoto aliyelazwa amenyang'anywa maamuzi karibu yote. Saa ya kula, saa ya sindano, nani amshike, nani amvue nguo, taa izimwe lini: yote yanaamuliwa na wengine, na mengi ni lazima yawe hivyo. Hospitali zilichelewa kutambua gharama yake. Mwaka 1952 James Robertson alionyesha nchini Uingereza filamu ya msichana wa miaka 2 aliyekaa hospitalini siku 8 bila mama yake. Mwaka 1959 ripoti ya kamati ya Platt ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao bila vizuizi vya saa, na watoto wapatiwe michezo na masomo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990 na Tanzania mwaka 1991, unataja katika kifungu cha 31 haki ya kucheza na kushiriki sanaa, na katika kifungu cha 12 haki ya mtoto kusikilizwa. Vifungu hivyo viwili husomwa mbalimbali, na ni hasara. Mchezo ambao mtoto hawezi kuukataa umekuwa agizo jingine la daktari.

Kisa cha Hiroshima kinaonyesha njia nyingine. Sadako Sasaki alikuwa na miaka 2 bomu la atomiki lilipoangushwa tarehe 6 Agosti 1945. Februari 1955 alilazwa katika Hospitali ya Msalaba Mwekundu ya mji huo akiwa na saratani ya damu. Mwaka huohuo wanafunzi wa Nagoya waliwapelekea wagonjwa korongo wa karatasi, ndege ambao Wajapani husema kwamba anayekunja elfu moja hupata anachokitamani. Wanafunzi wale hawakujua nini kingefuata. Sadako hakuishia kuwatazama. Alianza kukunja wa kwake, kwa karatasi zozote alizozipata, hata zile za kufungia dawa. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1955 akiwa na miaka 12. Korongo hawakumponya, na hakuna dini inayostahili jina lake iliyoahidi hivyo. Walichofanya ni kumtoa katika hali ya anayetendewa na kumweka katika hali ya anayetenda. Hapo maneno ya Aristotle yanageuka: fundi ni mtoto, na upendo wa fundi kwa kazi yake ni wake.

Hukumu kwamba fundi ni mtoto ina matokeo katika mambo madogo. Vifaa huchaguliwa kwa kumfuata mgonjwa, na anayewajua wagonjwa ni muuguzi msimamizi wa wodi. Mtoto mwenye kanula katika mkono wa kulia anahitaji kazi inayowezekana kwa mkono mmoja. Shanga si za mtoto wa chini ya miaka 3, kwa sababu zinakaba. Gundi ya harufu kali humtapisha anayetumia dawa za saratani. Mtoto huyo kinga yake imeshuka, hivyo manyoya, udongo na majani makavu, ambayo hubeba ukungu, hayamfai. Vipande vya kitenge vilivyofuliwa na kupigwa pasi vinamfaa zaidi. Mkasi hupanguswa kwa spiriti kila unapopita mkono hadi mkono, na mgeni mwenye mafua hubaki nyumbani hata kama ndiye kiongozi. Uangalifu huu ni ibada kama sala inayotangulia safari. Sadaka inayomwambukiza mgonjwa imeshindwa kabla ya kuhesabiwa.

Jambo gumu zaidi ni kumwacha mtoto aharibu. Wanaojitolea hupenda kurekebisha ua lililopinda na kunyoosha mstari, hasa saa za kutazama wagonjwa zinapokaribia kwisha, na hapo kazi inarudi kuwa yao. Vivyo hivyo, mtoto anayegeukia ukutani na kusema hataki ametumia haki ambayo siku nzima hakuwa nayo, na kumbembeleza mara ya tatu ni kuichukua tena. Upo pia uwezekano ambao vikundi vingi havijiandai nao: mtoto kujua zaidi. Msichana wa Pemba aliyelelewa na bibi yake huenda anasuka ukili vizuri kuliko mwanafunzi yeyote wa chuo aliyesimama mbele yake. Akifundisha, ametoa; na Mtume alifundisha kwamba kila jema ni sadaka, bila kumtenga mgonjwa wala maskini.

Inaweza kujibiwa kwamba mtoto hajali nia ya mgeni, na kwamba furaha iliyoletwa na mwenye kujionyesha bado ni furaha. Jibu hilo lina haki yake. Nia ya mtu haiwezi kupimwa getini, na kikundi kinachongoja mioyo itakate kwanza hakitafika wodini kamwe. Kinachoweza kupimwa ni utaratibu: kama mtoto aliulizwa, kama alichagua, kama simu zilibaki mfukoni, kama wageni walirudi mwezi uliofuata au walionekana Krismasi na Ramadhani tu.

Hubaki suala la kazi iliyokamilika, au iliyokatishwa na kifo. Vikundi vingine huzikusanya kwa ajili ya maonyesho au mnada wa kuchangia hospitali, na lengo huwa jema. Lakini kitu alichokitengeneza mtoto ni mali yake, cha kumpa mama yake, muuguzi wake au jirani wa kitanda cha pili. Akifariki ni cha wazazi wake, na kikundi kilicholeta karatasi na gundi hakina fungu ndani yake.