Andika Sitini

Karani wa sensa anapomuuliza bibi kizee ana miaka mingapi, jibu mara nyingi ni, "Andika sitini tu." Karani anaandika. Ndiyo maana takwimu za umri katika sensa nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, hurundikana kwenye namba zinazoishia na sifuri au tano, kana kwamba miaka 59 na 61 watu huiruka. Wanademografia wana hesabu zao za kulisawazisha rundo hilo. Makarani nao hutumia kalenda ya matukio: Uhuru wa 1961 ulikukuta umeolewa? Vita vya Kagera je, mtoto huyu alikuwa ameshazaliwa?

Bibi hajasahau umri wake. Anajua nani alimtangulia kuzaliwa na alichezwa unyago na akina nani. Asichonacho ni namba, na anayeihitaji namba ni sensa.

Mwanademografia Nancy Howell alikutana na jambo hilo Dobe, kaskazini-magharibi mwa Botswana, mwishoni mwa miaka ya 1960. Watu wa jamii ya !Kung hawakuhesabu miaka, ila kila mmoja alijua nani mkubwa wake na nani mdogo wake, maana namna ya kuitana ilitegemea hilo. Howell akawapanga wote kwa kufuatana, kisha akaulinganisha mpangilio huo na majedwali ya kinadharia ya umri na vifo ya wanademografia Coale na Demeny wa Princeton. Miaka ikapatikana. Hesabu za vifo na uzazi katika kitabu chake cha 1979 zimesimama juu ya adabu ya mkubwa na mdogo.

Dobe, anthropolojia ilisaidia kuipata namba. Gambia ilitikisa maana ya namba yenyewe.

Katika miaka ya 1990 Caroline Bledsoe, mwanaanthropolojia wa Marekani, alifanya utafiti na wenzake vijijini huko. Madodoso yakatoa kioja. Wanawake waliotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango walikuwa wachache, lakini kati yao walijitokeza mno waliotoka kupoteza mimba au mtoto. Kwa nadharia iliyozoeleka, njia hizo ni za mtu aliyetosheka na watoto au anayetaka kuwapishanisha. Aliyezika mtoto jana anataka ya nini sindano ya kuzuia mimba?

Jibu lilipatikana kwa kukaa na kusikiliza. Kwa wanawake wale, kinachozeesha si miaka. Ni mimba zilizoharibika, uzazi wa shida, damu iliyomwagika, jembe, na kukosa matunzo. Mwenye watoto wawili na misukosuko mitano, kwa hesabu hiyo, anaweza kuwa mzee kuliko jirani aliyemzidi miaka kumi. Idadi ya watoto Mungu ameshaipanga. Kazi ya mama ni kuutunza mwili usiishiwe nguvu kabla hajawafikia wote. Sindano ya miezi mitatu ilikuwa mapumziko, apate kuzaa tena. Dawa iliyopelekwa kupunguza watoto ikatumika kuwatafuta.

Kulibeza dodoso kwa sababu hiyo itakuwa dhuluma. Mwanamke mmoja anayechomwa sindano baada ya msiba ni kisa cha kusimulia kibarazani. Wanapokuwa wengi kuliko inavyotarajiwa, hapo pana swali, na wingi huo hauonekani bila kuhesabu. Ila bila mazungumzo, wote wangeingizwa kwenye safu ya "wanaopanga uzazi", na ripoti fulani ingewapigia makofi.

Demografia haiwezi kuacha kuuliza miaka. Bila miaka hakuna makadirio ya madarasa wala ya wazee watakaohitaji matunzo. Inachoweza ni kuuliza zaidi ya miaka. Kwa muda mrefu madodoso mengi ya kitaifa ya afya yaliorodhesha watoto waliozaliwa hai, na mimba zilizoharibika zikaguswa juu juu. Ya karibuni yameanza kuuliza mimba moja baada ya nyingine. Mahojiano yamerefuka, na bado yapo mambo ambayo mwanamke hamwambii karani aliyemfahamu asubuhi ile ile.