Goli la Aziz Ki na Deni la Mwamuzi

Ijumaa ya tarehe 5 Aprili 2024, katika uwanja wa Loftus Versfeld mjini Pretoria, Stephane Aziz Ki alipiga shuti kali. Mpira ukagonga mtambaa panya, ukashuka, ukadunda chini, ukarudi uwanjani. Wachezaji wa Yanga wakanyanyua mikono kushangilia. Watu wa VAR wakaangalia picha zao, mwamuzi hakwenda kwenye skrini ya pembeni kujionea mwenyewe, na mchezo ukaendelea. Mechi ikaisha 0-0, kama ilivyoisha ile ya kwanza kwa Mkapa, kisha Mamelodi Sundowns wakapita kwa penalti 3-2 kwenda nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Siku hiyohiyo Simba nao wakatolewa na Al Ahly kule Cairo, kwa hiyo nchi nzima ililala na huzuni, ila huzuni za aina mbili.

Mambo ya uwanjani yaliishia hapo. Ubishi haujaisha mpaka leo.

Ukitaka kuusikia vizuri, nenda Mikumi. Mji ule umekaa njia panda: barabara kuu ya Iringa inapita katikati, ya Kilosa inachepuka upande mmoja, ya Kidatu na Ifakara upande mwingine. Madereva wa malori wanaopumzika pale wametoka Dar es Salaam au Tunduma, wauza matunda ni wa palepale, na vijana wa bodaboda wanawajua wote. Jioni wanakutana kwenye kibanda umiza, wanalipa kiingilio, wanakaa kwenye mabenchi yasiyo na egemeo. Mwaka jana kazi ya uandishi ilinifikisha huko, na kabla mechi ya siku hiyo haijaanza, mtu mmoja alitamka tu neno "Sundowns." Ikatosha.

"Liliingia, bwana! Nyasi zinaonekana kati ya mpira na mstari!" Huyo alikuwa dereva wa lori.

"Nyasi siyo sheria, kaka," akajibu kijana wa bodaboda. "Sheria inasema mpira wote."

"Wewe si Simba? Kaa kimya."

Kijana alikuwa Simba kweli, lakini alikuwa na hoja. Sheria ya 10 ya mchezo inasema goli ni pale mpira wote unapovuka mstari wote, kati ya nguzo mbili na chini ya mtambaa panya. Mpira ni duara lenye upana wa sentimita kama 22. Mahali unapogusa chini ni padogo sana, na tumbo lake linatokeza sentimita kama 11 kila upande. Kwa hiyo mpira unaweza kugusa nyasi nyuma ya mstari, macho yako yakaona kabisa ukijani katikati, na bado tumbo la mpira likawa limening'inia juu ya mstari. Hapo si goli. Tena kamera isipokuwa sawasawa na mstari, picha inasogeza mpira mbele au nyuma. Ile picha tuliyotumiana kwenye simu usiku kucha, ikiwa imechorwa mstari mwekundu na mtu asiyejulikana, haikuwa ushahidi mkubwa kiasi tulichodhani.

Mimi ni Yanga, nimerithi kwa baba, na bado naamini lile lilikuwa goli. Nasema mapema ili msomaji ajue nimekaa upande gani. Ninachotaka kuuliza hakihusu sentimita. Nauliza hivi: kama mwamuzi amekosea kweli, na uamuzi wake ni wa mwisho, mtu mwenye akili timamu anadaiwa nini? Auheshimu uamuzi anaoamini ni wa uongo? Au aukatae, na akiukataa, afanye nini baada ya hapo?

Kwenye kibanda kile nilisikia maswali mawili yakisukwa pamoja kama ukili. La kwanza, je, mpira ulivuka? La pili, nani mwenye mamlaka ya kusema umevuka? Dereva alijibu la kwanza na kudhani amemaliza la pili: mimi nimeona, kwa hiyo mimi ndiye mwenye kusema. Kulikuwa na mwingine aliyekaa kona, akafanya kinyume chake: "Refa kashasema si goli, basi si goli, hakuna cha kujadili." Wote wawili wamechanganya mambo.

Sheria ya 5 inasema maamuzi ya mwamuzi juu ya matukio ya mchezo, ikiwemo kama goli limefungwa au la, ni ya mwisho. Haisemi kwamba ni ya kweli. Inasema ni ya mwisho, yaani hapo ndipo mchezo unapopata mahali pa kusimama ili uendelee. Mwaka 2010 kule Bloemfontein mpira wa Frank Lampard uliingia ndani ya goli la Ujerumani kiasi cha kuonekana na mtoto, na mwamuzi hakulitoa. Miaka miwili baadaye wakuu wa sheria za soka wakaidhinisha teknolojia ya mstari wa goli. Angalia walichofanya na wasichofanya. Walikubali kosa, wakabadilisha utaratibu, lakini hawakuirudia ile mechi. Ujerumani 4, England 1, na itabaki hivyo.

Lugha yetu ilishalijua jambo hili kabla ya CAF. Kuamua si kukata shauri peke yake. Watu wakishikana mashati barabarani, anayeingia katikati kuwatenganisha naye tunasema ameamua ugomvi. Yule mtu hajui nani alianza. Hajasikiliza mashahidi. Kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayeng'olewa jino, halafu maneno yafuate. Mwamuzi wa mpira ana kazi zote mbili kwa pamoja, kutenganisha na kukata shauri, tena kwa sekunde chache, mbele ya maelfu wanaomtukania mama yake. Tukimdai ujuzi kamili wa ukweli tunamdai kitu ambacho hata jina lake halikukiahidi.

Najua jibu utakalonipa, msomaji, kwa sababu nililipata palepale. "Maneno hayo ni ya kuwalinda wezi." Ukimwambia kila aliyeonewa kwamba uamuzi ni wa mwisho, avumilie, basi mwenye nguvu ataonea kila wiki. Na pale Mikumi, ambapo nyani wanakaa pembezoni mwa lami kama wenye barabara, hakuna haja ya kueleza maana ya kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Hoja hii ni nzito. Sitaki kuipita kwa kejeli, na ndiyo maana lazima niende Kilosa.

Mikumi iko ndani ya wilaya ya Kilosa, na mji wa Kilosa wenyewe umekaa kwenye Reli ya Kati, kaskazini. Ni wilaya ya mashamba na mifugo. Huko neno "mwamuzi" halikuanza na mpira. Ng'ombe wakiingia kwenye mahindi, au shamba likilimwa juu ya njia ya mifugo, lazima apatikane mtu wa kusema nani amevuka mstari wa nani. Tarehe 8 Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, mgogoro wa wakulima na wafugaji uliishia kwa vifo vya watu 38. Watafiti walioandika juu ya mauaji yale hawakuishia kwenye uhaba wa ardhi na maji. Walitaja rushwa, na watu wa pande zote kupoteza imani na vyombo vilivyopaswa kuwaamua.

Silinganishi mpira na makaburi. Ninachosema ni kwamba Kilosa imeshalipa gharama ya kujua mambo mawili ambayo kwenye kibanda umiza tunayachezea bure. Asipokuwepo mwamuzi ambaye neno lake linakubalika kuwa la mwisho, watu wanaamuana wenyewe. Na neno la mwisho halikubaliki kwa sababu tu limeandikwa kwenye sheria. Linakubalika pale watu wanapoamini kwamba aliyelisema hakununuliwa, na kwamba wao walisikilizwa kabla hajalisema. Yule dereva anayeogopa wezi na yule wa kona anayetaka tunyamaze, kila mmoja ameshika nusu ya jambo.

Nadhani ndiyo maana goli la Aziz Ki halijazikwa. Wengi niliowasikia walikuwa tayari kumeza kosa. Walichoshindwa kumeza ni ukimya. Kwa nini mwamuzi hakwenda kwenye skrini? Wale wa chumbani waliona picha ipi? Kwa pembe ipi? Mtu aliyeko uwanjani hakupewa sababu, na sisi wa kwenye mabenchi ndiyo kabisa. Mahali penye ukimya kila mtu huweka maelezo yake, na maelezo rahisi kuliko yote ni "wamenunuliwa." Sina ushahidi kwamba yeyote alinunuliwa, na sitalisema. Lakini naelewa neno hilo linapata wapi mbolea.

Wasomaji wa Shaaban Robert watamkumbuka Karama wa Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme na Waziri Majivuno, katika nchi iliyozoea kuhukumu mshtakiwa bila kumpa nafasi ya kujitetea. Anaomba jambo moja, asikilizwe. Siku sita anazungumza, na anachosimulia ni habari za wajumbe sita walioitumikia nchi wakaishia kuadhibiwa bila kusikilizwa. Hadai kwamba mfalme hana haki ya kuhukumu. Anadai hukumu ipite kwanza kwenye masikio. Kwangu hilo ndilo deni la kila mwenye neno la mwisho: kadiri uamuzi wako usivyoweza kukatiwa rufaa, ndivyo unavyodaiwa zaidi kueleza umefikaje hapo.

Na deni hilo linalipika. Kwenye Kombe la Dunia la Wanawake la 2023, mwamuzi akishatoka kwenye skrini alichukua kipaza sauti akautangazia uwanja ameamua nini na kwa nini. Sentensi moja tu. Haikuondoa makosa, lakini ilibadilisha aina ya ubishi. Watu walibishana na sababu iliyotamkwa, badala ya kubishana na kivuli.

Sasa tugeuze shingo, maana mashabiki nao tuna deni letu, na ni hili tusilopenda kulisikia. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kilosa mjini nilimkuta fundi cherehani mmoja, mzee wa makamo, kafia Simba, kalenda ya Simba imening'inia juu ya mashine yake. Nilipomuuliza habari za Pretoria alisimamisha pedeli.

"Lile lilikuwa goli, mwanangu," akasema. "Mimi ni Simba, lakini macho yangu siyo ya Simba."

Vijana wawili waliokuwa wanasubiri suruali zao wakamrukia. Msaliti. Kahongwa. Mmoja akamwambia, "Mzee, yaani unawasaidia watani?" Yeye akaendelea kushona.

Huenda mzee yule amekosea kuhusu sentimita. Nimeshaeleza jinsi tumbo la mpira linavyodanganya. Lakini kauli yake ina uzito ambao yangu haina. Mimi nikisema liliingia, nimesema tu kwamba mimi ni Yanga. Yeye akisema hivyohivyo amelipia maneno yake, na malipo yale yanamfanya awe shahidi. Hapo ndipo naona tofauti ya anayedai haki na anayedai ushindi akiuita haki. Muulize shabiki yeyote, na mimi nikiwemo: taja penalti moja ya bure iliyowahi kukupa pointi tatu, na useme siku ile ulikwenda kwa nani kulalamika. Tukishindwa kutaja hata moja katika maisha yetu yote ya ushabiki, basi kilio chetu cha Pretoria kinapungua thamani, hata kama mpira ulivuka.

Na bila watu wa aina ya yule fundi, mwamuzi hana pa kukanyaga. Tarehe 25 Juni 2025, mechi ya watani iliyokuwa imeahirishwa tangu Machi ilipochezwa hatimaye, waamuzi waliletwa kutoka Misri. Mtu wa Misri haoni mstari vizuri kuliko mtu wa Morogoro. Alicholetewa ni kwamba hakuna anayejua baba yake anashabikia nini. Tumefika mahali ambapo sifa kuu ya mwamuzi ni kutotoka kwetu, na hilo linatusema sisi wa kwenye mabenchi zaidi ya linavyowasema wenye filimbi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Sundowns walipita kihalali, na nitaendelea kusema goli lilifungwa. Sioni aibu kubeba yote mawili. Kukubali matokeo ndiko kunakoturuhusu kurudi nyumbani salama na kucheza tena msimu ujao. Kuendelea kusema ndiko kunakowanyima wenye neno la mwisho usingizi mzito mno. Ukikubali ukaacha kusema umekuwa mtumwa wa filimbi, na ukisema bila kukubali utamaliza kwa kutafuta jiwe.

Pale Mikumi, mechi ya jioni ile ilipoanza, dereva na kijana wa bodaboda walikuwa hawajakubaliana. Dereva alisogea kidogo, kijana akakaa benchi lilelile, na mwenye kibanda akaongeza sauti.