Wimbi Lisilosikika



Ukipita kwenye mazoezi ya kwaya hapa Buswelu, mwangalie mpiga kinanda. Mkono wa kulia uko kwenye noti, wa kushoto unasukuma kigurudumu pembeni. Mara noti iliyokuwa imenyooka inaanza kutetemeka, kama mtu anayeimba kwa hisia. Kumetokea nini?

Ndani ya sinthesaiza kuna osileta inayotoa noti. Noti A ya kupimia hutikisika mara 440 kwa sekunde. Lakini kuna osileta nyingine, ya polepole, labda mara 5 au 6 tu kwa sekunde. Sikio la binadamu huanza kusikia kwenye mara 20 hivi, kwa hiyo hii ya pili huwezi kuisikia. Unaitambua kwa kazi yake tu. Iunganishe na noti, noti itapanda na kushuka. Iunganishe na ukubwa wa sauti, sauti itavuma na kufifia.

Sasa jiulize: maisha yangu yanatikiswa na wimbi gani? Umegombana na ndugu yako kuhusu kiwanja, mwaka wa pili huu. Husemi kitu. Jumapili unaimba vizuri tu. Lakini kinyongo kipo chini, na kila salamu yako nyumbani inatetemeka kwa sababu yake. Wenzako wanasikia, hata kama wewe unadhani umenyamaza.

Yesu anatufundisha kusali kwa siri, mlango umefungwa (Mt 6:6). Sala ya namna hiyo hakuna anayeisikia, ila siku nzima inabadilika. Mtu anakuona unavyojibu kwa upole pale kijiweni, anashangaa umetoa wapi.

Ila osileta ile ina vipimo viwili: kasi na kina. Kina kikiwa sifuri, inazunguka bure, noti haibadiliki hata kidogo. Ndivyo ilivyo rozari ya haraka haraka huku moyo uko kwenye simu. Na kina kikizidi, noti inayumba mpaka waimbaji wanapotea. Ndiyo ile sala ya kujionyesha.

Wiki hii, kabla ya mazoezi, kaa kimya dakika kumi. Mtaje huyo ndugu yako mbele za Mungu kwa jina. Halafu nenda kamsalimie.

Ee Roho Mtakatifu, tutikise kutoka ndani. Amina.