Mikono au Matofali?

Hivi kumbeba mtu ni wema? Usinicheke, ndugu msomaji, nauliza kwa nia safi. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba mwenye nguvu ambebe asiye na nguvu, na kwamba aliyebeba amejipatia thawabu. Sawa. Lakini aliyebebwa amepata nini? Amefika alikotaka, naam. Je, amefika kwa saa aliyoichagua nani? Na kwa namna aliyoichagua nani?

Swali hili nimelikuta kazini. Nilimaliza kidato cha nne, nikakosa nafasi ya kuendelea, na riwaya ninayoiandika usiku haijanilipa hata senti moja. Mchana nafanya kibarua cha kutunza bwawa la kuogelea kwenye nyumba moja huko Mbezi Beach, Dar es Salaam. Navua majani kwa wavu, napima klorini, nasugua vigae. Kwa kazi hiyo peke yake ningelipwa siku mbili kwa wiki. Nililipwa nne kwa sababu ya kazi nyingine: kumbeba mama mzazi wa mwenye nyumba kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, kumwingiza majini, kisha kumtoa.

Mama huyu ni mwalimu mstaafu. Polio ilimpooza miguu akiwa mtoto mdogo. Mikono yake, kusema kweli, ina nguvu kuliko yangu.

Akishakuwa majini ni mtu mwingine kabisa. Sekondari tulikariri kanuni ya Archimedes ili tufaulu mtihani, basi. Kumbe ina maana kubwa kwa watu. Mtu akisimama maji yakamfika kiunoni, uzito unaobaki juu ya miguu yake ni kama nusu tu. Yakimfika shingoni, inabaki kama sehemu moja ya kumi. Miguu ambayo nchi kavu ni mzigo, majini inaelea. Mgongo uliokaa kitini kutwa nzima unanyooka.

Tatizo ni zile hatua mbili tatu kati ya kiti na maji. Hapo mwanamke wa heshima zake, aliyefundisha watoto wa watu miaka na miaka, anakumbatiwa na kijana wa kibarua, kanga imemganda mwilini, mbele ya wajukuu na wageni. Mimi natazama pembeni, yeye anafumba macho. Na siku nisipofika, bwawa kwake ni picha ya ukutani.

Siku moja nilimwuliza alijifunzia wapi kuogelea. Akacheka. "Mwanangu, mimi mtoto wa Bagamoyo. Nilikuwa natambaa mchangani mpaka maji yanipokee. Nani alinibeba?"

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Ufuko wa bahari ni mteremko. Anayekimbia ataingia, anayetambaa ataingia, kila mmoja kwa mwendo wake. Bwawa ni maji yaliyokatwa ukingo na binadamu. Basi miguu ya mama imepoozwa na ugonjwa, lakini ukingo umejengwa na fundi aliyelipwa. Kilichojengwa kinaweza kujengewa njia.

Njia zenyewe si siri, wala si lazima ziwe za matajiri. Mashine ya kumshushia mtu majini ipo, ila bei yake ni maelfu ya dola. Wamarekani, katika viwango vyao vya mwaka 2010 vya mabwawa ya umma, wanataja njia tano: mashine hiyo, mteremko, ukuta wa kuhamia, ngazi za kuhamia, na ngazi za kawaida zenye vishikio. Hebu soma orodha hiyo tena. Ukiondoa ya kwanza, zilizobaki ni kazi za mwashi.

Ukichanganya ukuta na ngazi, unapata kitu cha namna hii. Unajenga jukwaa la matofali karibu na bwawa, kimo chake sawa na kalio la kiti cha magurudumu, kama sentimeta 45. Mtu anasogeza kiti, anafunga breki, anahamia jukwaani kwa nguvu za mikono yake. Kutoka hapo zinashuka ngazi za kukalia, wala si za kukanyagia: kila moja isizidi kimo cha sentimeta 20, na iwe na kina cha kama 40 ili makalio yatulie. Anashuka ngazi moja, anapumzika, anashuka nyingine, mpaka maji yamchukue. Kutoka ni njia ile ile kinyumenyume. Kishikio kiwe cha chuma kisichoshika kutu. Kingo ziviringwe na uso ulainishwe bila kuteleza, kwa kuwa mtu asiyehisi miguu yake anaweza kuchubuka bila kujua. Jua likiwa kali, jukwaa limwagiwe maji kwanza. Ngazi za ndani ya maji zinataka fundi anayejua kuzuia uvujaji, usimpe mtu wa kubahatisha. Lakini yote haya ni tofali, saruji, mchanga na siku chache za kazi.

Nilichora mchoro kwenye karatasi ya daftari langu la riwaya, nikampelekea mwenye nyumba. Akautazama, akanitazama mimi, akasema kwa mshangao wa kweli: "Sasa kujenga kwa nini, kijana? Wewe si upo?"

Wewe si upo! Mwenye nyumba si mtu mbaya, anampenda mama yake. Lakini maneno hayo matatu ndiyo yaliyoujenga mji wetu. Ofisi ina ngazi kumi na mbili mlangoni: si walinzi wapo, watamnyanyua. Choo cha shule hakina mlango wa kupitisha kiti: si wenzake wapo. Mikono ya watu tunaihesabu kuwa bure, matofali tunayahesabu kuwa gharama. Anayelipa tofauti ni yule anayesubiri.

Wapo watakaonijia juu: "Bwana wee, watu hawana maji ya kunywa, unatuletea habari za bwawa! Hiyo ni anasa." Nakubali kwamba bwawa la nyumbani ni anasa. Lakini katika nyumba ile anasa hiyo ni ya kila mtu, wajukuu, wageni, hata marafiki wa wajukuu. Ikifika zamu ya mama ndipo tunakumbuka maji ya kunywa? Franklin Roosevelt, rais wa Marekani aliyepooza miguu mwaka 1921, alijengewa bwawa Ikulu mwaka 1933 kwa michango ya wasomaji wa magazeti ya New York. Wachangiaji walielewa kuwa mwili uliopooza unayahitaji maji. Je, ni lazima uwe rais ndipo ueleweke? Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, haukuishia kwenye hospitali na shule. Ibara yake ya 30 inataja burudani, mapumziko na michezo. Mwenye ulemavu si mgonjwa wa kudumu anayestahili dawa tu. Naye ana haki ya kufurahi.

Ila hakuna askari wa mkataba atakayebisha hodi kwenye geti la mtu kukagua bwawa lake. Ndani ya geti tunabaki na dhamira zetu.

Dhamira yangu nayo ilikuwa na bei, tusidanganyane. Jukwaa likisimama, siku zangu nne zinarudi kuwa mbili. Nilijua hivyo nilipokuwa nachora. Mama ndiye aliyekata ubishi: alitoa fedha za pensheni yake, akaita fundi. Sasa anaingia majini alfajiri, kabla nyumba haijaamka, mjukuu wake mkubwa akiwa amekaa kando na kitabu. Maji hayana rafiki, lazima pawe na mtu wa kuangalia. Lakini kumwangalia mtu si sawa na kumbeba. Mimi pesa ya nauli imepungua, na sitasema kwamba haiumi. Inauma. Hata hivyo, kama ujira wangu ulisimama juu ya kumngojesha mtu mzima, basi ujira huo ulikuwa na kasoro, na kasoro hiyo haikuwa kazi ya mama kuilipia.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi, nayo ni ya wazee wetu: mtu ni watu. Je, kila mtu akijitosheleza kwa matofali yake, utu utabaki wapi? Mimi naona hivi. Sote tulibebwa mgongoni, na sote tutabebwa kwenye jeneza. Kubebwa si aibu. Lakini katikati ya mbeleko na jeneza kuna miaka ambayo mtu anataka kwenda kwa hiari yake, na atakayemwita mwenzake amwite kwa kumpenda. Mjukuu yule na bibi yake wanaongea sana siku hizi pale ukingoni. Mimi na mama hatukuwahi kuongea tukiwa njiani kwenda majini. Tulikuwa tunaona haya.

Kwa hiyo kipimo changu cha msaada ni hiki: baada ya kusaidiwa, mwenzako anakuhitaji zaidi au anakuhitaji kidogo? Msaada unaomfanya akungoje kila siku, hata ukifanywa kwa tabasamu, uutazame mara mbili. Huenda unayenufaika ni wewe.

Si kila nyumba ina bwawa, najua. Lakini kila nyumba ina kizingiti, choo, kisima au baraza. Zunguka kwenu leo, msomaji, uhesabu ni wapi mtu anangojea mikono mahali ambapo tofali tano zingetosha. Usiseme "si tupo". Tafuta mchanga.