Hofu na Insafu

Wako waumini wanaodhani kwamba kuyaogopa maradhi ya kuambukiza ni upungufu wa imani. Lakini ilipozuka tauni ya Amwas katika nchi ya Sham, Khalifa Umar, aliyekuwa amekwisha kufika Sargh njiani kuelekea huko, alishauriana na masahaba akaazimu kurejea Madina, na Abu Ubaida, amiri wa majeshi ya Waislamu huko Sham, alipomsaili kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa anaitoka kadari moja kwenda katika kadari nyingine ya Mungu huyo huyo. Tahadhari, basi, haikupingana na tawakali. Abu Ubaida mwenyewe alibaki na watu wake, akafa kwa tauni hiyo.

Zama zetu zina suala zito zaidi, nalo ni namna hofu ya umma inavyogawanywa. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza kuzuka kwa Ebola katika Kivu Kaskazini, na mpaka ilipotangazwa kwisha, 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamefariki. Ulimwengu ulitaharuki, hasa alipopatikana mgonjwa Goma, mji wenye uwanja wa ndege na unaopakana na Rwanda. Siku chache baadaye, 17 Julai 2019, Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Wakati huohuo surua ilikuwa imeenea katika majimbo yote 26 ya Kongo, ikaua watu zaidi ya 6,000, aghalabu watoto wasiotimiza miaka mitano, wala haikutangazwa dharura kama ile kwa ajili yao.

Sisemi kwamba Ebola iliogopwa kupita kiasi. Maradhi yaliyowaua wawili katika kila watatu walioyaugua, yanayompata mama anayemwuguza mwanawe na jamaa wanaomwosha maiti wao kwa heshima, yanastahiki haraka. Na mtu anayeitazama idadi ya waliokufa, baada ya watu zaidi ya 300,000 kuchanjwa, akanena kuwa taharuki ilikuwa ya bure, amesahau kwamba ni kazi iliyozaliwa na taharuki hiyo ndiyo iliyoizuia idadi isipande.

Walakini hofu ile ilipimwa kwa uwezekano wa maradhi kupanda ndege, si kwa mizani ya roho zinazopotea. Wakaazi wa Beni, katika Kivu Kaskazini, walilitambua jambo hili upesi kuliko sisi tuliokuwa mbali. Watu ambao kwa miaka mingi walichinjwa usiku katika vijiji vyao, na ambao watoto wao walikufa kwa malaria na surua pasipo gari la msaada kuonekana, waliyaona magari mapya yakija mfululizo kwa ajili ya ugonjwa mmoja, wakauliza ni nani hasa anayelindwa. Baadhi yao waliwakataa wauguzi, na vituo vya tiba vikashambuliwa, hata watumishi wa afya wakauawa. Hiyo ni dhulma isiyo na udhuru. Lakini swali lenyewe lilikuwa la haki, na mwenye insafu hawezi kuliita ujinga.

Hukumu yangu ni kwamba taharuki ya Ebola ilikuwa kwa kadiri yake, ila watoto wa surua walinyimwa fungu lao la hofu yetu, ilhali maradhi yaliyowaua yana chanjo tangu mwaka 1963.