Uso Kupinda si Kofi la Jini

Himdi zote ni zake Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya haya, ndugu zetu Waislamu, twataka kuzungumza nanyi juu ya maradhi ambayo hapana mtaa wa Likoni, wala wa Kisauni, wala wa Changamwe usioyajua. Mtu hulala salama, akaamka alfajiri kutawadha. Akisukutua, maji yamtoka upande mmoja wa mdomo bila ya kutaka. Akijitazama kiooni auona uso wake umekwenda upande: jicho moja halifumbi, mdomo umevutwa, na akicheka hucheka kwa nusu ya uso. Hapo nyumba nzima huingia hofu. Mmoja husema, "Kapigwa kofi na shetani." Wa pili husema, "Alipita chini ya mbuyu wakati wa magharibi." Wa tatu husema ni upepo mbaya. Na kabla ya adhuhuri huwa ameshapelekwa kwa mganga.

Katika waliopatwa na hayo ni ndugu yetu mmoja wa Kisauni, fundi seremala, aliyekuwa akihudhuria darasa yetu. Siku ya pili tulikwenda kumtazama. Tulikaa, tukamsomea, tukamwombea dua, tukanywa kahawa, tukatoka. Hapana hata mmoja wetu aliyemwambia, "Inuka twende hospitali." Mganga alimfukiza, akamchanja shavu, akamvisha hirizi, na akamkataza asionane na daktari mpaka zipite siku 14, kwa kuwa ati sindano humkasirisha jini. Siku zote hizo jicho lake lilikuwa wazi usiku na mchana, likikauka, na vumbi la msumeno likiliingia. Baada ya miezi michache uso ulirudi, na mganga akasifiwa mtaa mzima. Lakini jicho lilikuwa limeshafanya kidonda, na kidonda kikaacha kovu. Leo haoni nalo ila kivuli. Sisi hatukulaumiwa na mtu. Lakini twajua nafsini mwetu kuwa tumo katika lawama, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika maneno haya.

Mwenyezi Mungu ametuhimiza, katika Suratudh-Dhariyat, aya ya 21, tuzitazame ishara zilizomo ndani ya nafsi zetu. Basi na tutazame.

Chini ya ubongo mkubwa pana kipande kidogo, urefu wake kama inchi 3 hivi, kiitwacho shina la ubongo. Hilo ndilo liungalo ubongo na uti wa mgongo. Tukitaka mfano, na tuutazame mji wetu. Mtu wa Kisauni akitaka kuingia kisiwani hupita daraja la Nyali. Wa Changamwe hupita Makupa. Wa Likoni hupanda feri. Njia ni chache na ni nyembamba, na zikizibika, mji mzima husimama. Na hivyo ndivyo lilivyo shina hili: kila amri iendayo mkononi au mguuni, na kila khabari irudiyo, hupita hapo. Hata sehemu yake ya kati huitwa kwa Kiarabu al-jisr, yaani daraja, na jina lake la Kilatini lina maana hiyo hiyo. Katika sehemu yake ya chini ndipo palipo msimamizi wa pumzi, na wa mwendo wa moyo, na wa kumeza. Wewe hulala usiku kucha umesahau kuvuta pumzi, na shina hilo halikusahau, kwa uwezo wa Aliyeliumba.

Kisha ipo mishipa ya fahamu ya kichwa, ambayo wengine waiita neva. Nayo ni jozi 12, mmoja kulia na mwenziwe kushoto. Wa 1 ni wa kunusa, na wa 2 ni wa kuona. Hii miwili hufika katika ubongo wa juu. Iliyobaki 10 imefungamana na shina, ijapokuwa wa 11 mizizi yake mingi imo katika sehemu ya juu ya uti wa mgongo. Wa 3, wa 4 na wa 6 huligeuza jicho huku na huku. Wa 5 huleta hisia za uso, na ndio utafunishao. Wa 7 ni wa sura: kucheka, kukunja kipaji, kufumba jicho, tena una sehemu katika machozi, na mate, na ladha ya mbele ya ulimi. Wa 8 ni wa kusikia na wa kusimama pasi na kuyumba. Wa 9 na wa 10 ni ya koo, na huo wa 10 hushuka mpaka kwenye moyo, na mapafu, na tumbo. Wa 11 hugeuza kichwa na huinua mabega. Wa 12 hupeleka ulimi.

Basi mtazame mwenye kusali. Kwa wa 8 ameusikia wito wa muadhini. Kwa wa 10 na wa 12 sauti yake na ulimi wake vimesoma. Kwa wa 11 amegeuka kuume na kushoto kutoa salamu. Na kwa wa 7 amemkunjulia uso ndugu yake pale safuni, tendo ambalo Mtume wetu amelihesabu kuwa ni sadaka. Je, neema hizi twazishukuru kwa kuwaachia waganga wazichezee?

Mshipa huu wa 7 ndio wenye kisa chetu. Hutoka mwisho wa lile daraja, ukaingia katika mfereji mwembamba ndani ya mfupa wa sikio, ukatokea chini ya sikio, kisha ukagawanyika matawi matano usoni. Ukivimba ndani ya mfereji ule, hauna pa kutanukia; mfupa huubana, na amri za ubongo hukatika njiani. Madaktari wengi waona kuwa uvimbe huo hutokana na kirusi kilichokuwa kimelala mwilini kisha kikaamka. Wenye sukari, na wanawake wajawazito katika miezi ya mwisho, hupatwa zaidi kuliko wengine. Haya ndiyo maradhi ambayo Wazungu waliyaita kwa jina la Charles Bell wa Uskoti, aliyeandika juu ya mishipa ya uso mwaka 1821.

Lakini je, mwajua kuwa Waislamu waliyajua kabla yake? Kwa Kiarabu maradhi haya huitwa laqwa. Abu Bakr ar-Razi, aliyekufa karibu na mwaka 925, aliyaeleza katika kitabu chake Al-Hawi, akatofautisha kupooza kutokako ubongoni na kupooza kwa mshipa wenyewe. Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, naye aliyaandikia katika Al-Qanun. Wao waliutafuta mshipa na dawa yake. Nasi, baada ya miaka zaidi ya elfu, twatafuta jina la jini. Hiyo si aibu ya dini yetu; ni aibu yetu sisi.

Atasema msemaji, "Lakini fulani alikwenda kwa mganga akapona." Kweli alipona. Lakini katika kila wagonjwa 10 wa kupooza huku kwa mshipa, kama 7 hupona kabisa hata wasipotumia dawa yoyote, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu. Mganga husimama juu ya hao 7 akadai kuwa ni kazi ya mikono yake, na wale 3 huwaambia kuwa hawakutimiza masharti. Hiyo ndiyo biashara yenyewe. Na Mtume wetu ametufundisha kuwa mwenye kutibu watu hali hajulikani kwa utabibu, huyo ni dhamini wa madhara aliyoyaleta. Basi jicho la ndugu yetu lina mwenye kuulizwa.

Na khatari iliyo kubwa zaidi ni hii: si kila uso uliopinda ni wa mshipa huu. Huenda ikawa ni kiharusi, yaani damu imezibika au imepasuka katika ubongo wenyewe. Madaktari hutazama kipaji. Sehemu ya juu ya uso hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Sehemu ya chini hutegemea zaidi upande mmoja, ule wa pili. Kwa hivyo mwenye kiharusi mara nyingi huweza kukunja kipaji ingawa mdomo umepinda, na mwenye mshipa uliobanwa hawezi hata kukunja kipaji upande ule. Na kiharusi mara nyingi huja pamoja na mkono au mguu kulegea, au ulimi kuwa mzito. Tumeyasema haya ili mfahamu, si ili mkae nyumbani mkapimana vipaji. Kupambanua ni kazi ya daktari. Kiharusi huhesabiwa kwa masaa, na ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa anayeifaa na mahali inapopatikana, hutolewa katika masaa manne na nusu ya mwanzo. Masaa hayo ndiyo yatumiwayo kutafuta kuku wa mganga.

Basi yatupasa tufanye haya. Uso ukipinda kwa ghafula, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, iwe ni Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo watu huiita Makadara, au iliyo karibu zaidi yenye daktari. Ikiwa ni mshipa wa 7, ipo dawa ya vidonge iitwayo prednisoloni, nayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya masaa 72, kwa amri ya daktari. Mwenye sukari amwambie daktari mapema, kwa kuwa dawa hiyo huipandisha. Na jicho lilindwe: matone ya kulilainisha mchana, na usiku marhamu, kisha kope ifumbwe vizuri na kubandikwa. Lau ndugu yetu angefanyiwa hili la mwisho peke yake, huenda leo angekuwa akiona kwa macho mawili.

Tusifahamiwe vibaya. Hatukanushi kuwako kwa majini, na atakayekanusha amekhalifu Qur'ani. Lakini kuamini kuwako kwao si kuwabebesha kila maradhi. Wala hatukatazi mgonjwa kusomewa Qur'ani na kuombewa dua. Hayo ni mambo mema na ni sunna. Lakini Mtume yule yule aliyetufundisha dua ametuamrisha tujitibu, akatukhabarisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Mwenye kushika moja akaacha la pili ameshika nusu ya mafundisho.

Na neno letu la mwisho ni kwa maimamu wenzetu na walimu wa vyuo. Watu wakifikwa hutujia sisi kwanza, kabla ya mganga na kabla ya daktari. Mlango wa kwanza ni wetu. Tukinyamaza, kunyamaza kwetu huchukuliwa kuwa ni fatwa. Basi na tuwasomee njiani, ndani ya gari au juu ya feri, hali twawapeleka.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulipozembea, awaponye wagonjwa wetu, na amlipe ndugu yetu kwa subira yake kilicho bora kuliko alichokipoteza. Wabillahi taufiki.